Dakika Kumi na Moja za Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba pia uvumilivu wako, maana barua hii nimeianza mara nne na mara zote nimeichana kwa aibu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka arobaini na mmoja, na kazi yangu ni kupima watu masikio na kuwafungia vifaa vya kusaidia kusikia, kazi niliyoifanya miaka kumi na minne katika duka moja lenye vioo vikubwa na chumba kidogo cha kupimia kilichozibwa sauti, chumba ambacho ukifunga mlango unajisikia hata ukimeza mate. Nasema haya mapema ili ujue kwamba shida yangu si ya mtu asiyejua mambo ya masikio. Ni ya mtu anayeyajua mno, na bado nimemfanyia baba yangu mzazi jambo linalonisuta kila nikikaa.

Baba alikuwa fundi cherehani. Miaka arobaini alikaa nyuma ya cherehani ile ile akishona sare za shule na suti za maharusi, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba haharibu kitambaa cha mtu. Masikio yake yalipungua nguvu polepole, na mama ndiye aliyekuwa akimsitiri, watu wakisema jambo yeye anamgeukia mama, mama analirudia taratibu, basi sisi watoto hata hatukujua hali imefika wapi mpaka mama alipofariki miaka mitatu iliyopita, ndipo tukamwona baba amekaa katikati ya waombolezaji akitikisa kichwa kwa kila neno, hata kwa maswali.

Baada ya msiba akahamia kwa kaka yangu mkubwa, akapewa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo, na mimi nikamfungia kifaa cha zamani, kile cha kukaa nyuma ya sikio, chenye betri ndogo ya mviringo na kimrija laini cha plastiki kinachopeleka sauti ndani ya sikio. Kilikuwa kifaa kizuri, lakini, mshauri, kilinitesa. Kila baada ya wiki tatu nne baba anamwomba wifi yangu anipigie simu, kifaa kinapiga mluzi, na nikienda nakuta mrija umetoboka, kitundu kidogo cha mviringo, safi kabisa, karibu pale pale siku zote. Mrija huo kwa wateja wengine unakaa miezi minne au mitano. Wa baba niliubadilisha mara kumi na tatu kwa mwaka mmoja, kadi yake ya matengenezo ninayo. Nikamgombeza, nikamwambia baba, hiki si kitu cha kuchezea, mbona siku hizi hujui kutunza vitu, naye anacheka tu na kusema, "Uzee huu, mwanangu."

Basi nafungua kimkoba changu, nabadilisha mrija, nasafisha kifaa, halafu nampima kwa maneno kama tunavyowapima wateja wote, yaani nakaa mbele yake, nafunika mdomo wangu kwa kadi nyeupe ili asisome midomo, nasoma orodha ya maneno ishirini na tano naye anayarudia moja moja. Akimaliza, hata kama ameyapata yote, anasema, "Hebu turudie, lile la mwisho sikulipata vyema." Tunarudia. Chai inaletwa. Ananisimulia habari za wateja wake wa zamani, hasa yule bwana harusi aliyenenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuvaa, habari ambayo naijua tangu utotoni. Nilikuwa narudi kwangu nimechelewa na nimechoka, na nakiri kwamba njiani nilikuwa nanung'unika.

Sasa, kwenye biashara yetu mambo yamebadilika haraka sana. Zamani mtu alikuja dukani kwa sababu hasikii, akakaa, akapimwa, akarudi tena na tena mpaka kifaa kimkae. Siku hizi anakuja ameshasoma kila kitu kwenye simu, anataka kifaa kisichoonekana, kisichohitaji betri za kubadilisha, kinachochajiwa kwenye kikasha chake na kinachoungana na simu, na wengine hawaji kabisa, wananunua vile vya kujifungia mwenyewe bila kupimwa, wanaletewa mpaka mlangoni. Vijana nao wameziba masikio kwa visikizio mchana kutwa, kwa hiyo ile aibu ya kuonekana na kitu sikioni imepungua, na hilo ni jambo jema, silipingi. Bosi wetu akatuambia atakayebaki kwenye soko hili ni yule anayeweza kumrekebishia mteja kifaa bila kumwona, mteja amekaa kwake na wewe umekaa kwenye kompyuta unapandisha na kushusha sauti, na akabandika ukutani maneno haya: Mteja asiyerudi dukani ni mteja aliyeridhika. Nikapelekwa mafunzo, nikafaulu, nikafanywa mkuu wa kitengo cha huduma ya mbali, na mtu wa kwanza kumfungia vifaa vipya alikuwa baba.

Nilimfungia kwa mapenzi, mshauri, naapa. Vifaa viwili vidogo, kila sikio na chake, huvioni mpaka uambiwe. Kile cha zamani nikakichukua nikakitia kwenye droo yangu ya dukani. Nikamwita wifi na watoto wake, nikawaambia kwa mbwembwe, jamani kuanzia leo hakuna kumpigia mzee kelele, hakuna haja ya kumwendea na kumgusa bega, semeni hapo hapo mlipo, vifaa hivi vinakamata. Televisheni ya sebuleni ilikuwa ikiwashwa kwa sauti kubwa kwa ajili yake na watoto wanalalamika, basi nikamwekea televisheni ndogo chumbani kwake na kile kidude kinachopeleka sauti yake moja kwa moja masikioni, na kila mtu akafurahi, sebule ikatulia. Na kwenye mafunzo ya wafanyakazi wapya, na kwa wateja wanaositasita, nikapata mfano wangu mtamu. Nawaambia, baba yangu mwenyewe sijamgusa sikio miezi kumi na moja, na anasikia. Watu wanapiga makofi.

Kweli, miezi hiyo kumi na moja nilifika kwa kaka mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa wengi na nilikuwa na haraka. Mengine yote tulimaliza kwa simu. Baba akipokea ananiambia, "Hivi havinisaidii, mwanangu. Nirudishie kile cha zamani." Namuuliza tatizo ni nini, anasema, "Nasikia friji." Nikacheka, nikamwambia baba, hiyo ndiyo raha yake, hata friji unaisikia, na nikampandishia sauti kutoka kazini. Wiki iliyofuata akasema anasikia kandambili zake mwenyewe akitembea. Nikampandishia tena. Kila mara anamaliza na lile lile, nirudishie kile cha zamani, mpaka nikaanza kuona ni ukaidi wa wazee, mtu amepewa kitu kizuri kuliko vyote dukani bado analilia kinachopiga mluzi.

Wateja wetu wengi hudanganya, mshauri. Mtu atakwambia kifaa kibovu kumbe kiko kabatini. Ndiyo maana vifaa hivi vipya vinaweka hesabu, havirekodi maneno ya mtu hata kidogo, ila vinahesabu saa ngapi vimevaliwa na aliyevivaa alikuwa kwenye nini, ukimya au kelele au televisheni au simu au mazungumzo. Mimi hesabu za baba sikuwahi kuzifungua, maana nilikuwa na uhakika na kazi yangu. Wiki mbili zilizopita nikazifungua ili nimkamate. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumwambia.

Saa kumi na nne kwa siku. Baba alikuwa anavivaa tangu anaamka mpaka anapanda kitandani, kila siku ya Mungu, hakuna mteja wangu hata mmoja anayefikia hapo. Nikashuka chini. Ukimya, zaidi ya saa kumi na mbili. Kelele za nyumbani, saa moja na kitu. Televisheni, wiki ya kwanza tu, baada ya hapo hakuna. Simu, mara moja kwa wiki, dakika tatu, na hiyo ni mimi. Mazungumzo, wastani wa dakika kumi na moja kwa siku. Nikadhani kompyuta imekosea, nikafungua mwezi mmoja mmoja, na katika miezi yote nikakuta siku moja tu iliyojitokeza, Jumanne fulani, dakika hamsini na mbili. Nikampigia wifi kijanja, nikamuuliza Jumanne ile mlikuwa na wageni, akasema, "Wageni gani? Labda yule fundi bomba, alikuja kutengeneza bomba la nyuma pale chini ya dirisha la mzee. Na alichelewa huyo, sijui alikuwa anafanya nini." Nilikata simu nikaingia chumba cha kupimia, nikafunga mlango, nikalia humo, kwa sababu ndicho chumba pekee dukani ambacho mtu akilia hasikiki.

Sikumwambia yeyote. Nilichofanya ni kuzifungua hesabu zake kila asubuhi kabla sijavua hata koti, dakika tisa, dakika kumi na mbili, dakika saba, na kila nikizisoma naahidi jioni nitapita, na jioni napitiwa. Siku ya nane nikakuta sifuri. Si sifuri ya mazungumzo, sifuri ya kila kitu, vifaa havikuvaliwa kabisa, na imekuwa hivyo siku sita mfululizo.

Juzi kaka akanipigia. Akasema, "Mzee amevua mashine zako, kazitia kwenye droo. Ukimsemesha hakujibu, anatazama dirisha tu. Mimi naona akili inaanza kumtoka." Nikamsikia wifi kwa nyuma anasema, "Mwambie hata chai anaiacha inapoa." Kaka akasema Jumapili niende, tukae kama familia, tuamue, kuna nyumba ya kutunzia wazee ameshaenda kuiona, ni safi, ina bustani, na wenzake wapo.

Zile hesabu nimezichapisha, kurasa mbili, ziko kwenye mkoba wangu nikikuandikia. Nikizitoa Jumapili nitamwokoa baba asiitwe amepotewa na akili, lakini nitakuwa nimemvua nguo kaka yangu mbele ya mkewe, na wifi huyu ndiye anayemfulia baba na kumpikia miaka mitatu bila kulalamika, na wote watajua kwamba nimekuwa nikiichungulia nyumba yao kupitia masikio ya mzee. Nikinyamaza, baba atapelekwa huko kwenye bustani kwa kosa la kukaa kimya katika nyumba isiyomsemesha. Nitoe karatasi, mshauri, au ninyamaze? Na nikizitoa, zile dakika tatu zangu za kila wiki nitazificha wapi?

Ni mimi,
Mpima Masikio

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote kwa sababu ya hiyo Jumapili. Wenye ugomvi wa ndoa wataningoja, wameshazoea kugombana.

Pole. Nakupa pole hiyo kwa moyo mweupe, maana mtu anayekwenda kulia kwenye chumba kisichotoa sauti ana mzigo mzito. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Umeniuliza habari za karatasi. Mimi nilipoisoma barua yako nilisimama mapema zaidi, nilisimama kwenye ule mrija. Umeniandikia mwenyewe kwamba baba yako alishona miaka arobaini na haharibu kitambaa cha mtu. Mtu huyo ghafla hajui kutunza mrija wa plastiki? Kitundu kidogo, cha mviringo, safi, karibu pale pale siku zote, mara kumi na tatu? Wewe ndiye mtaalamu, mimi maishani mwangu nimeshona vifungo tu, lakini hata mimi tundu la sindano nikielezwa nalijua. Baba yako alikuwa anautoboa, mwanangu. Alikuwa anachukua sindano yake na kuutoboa ili kifaa kipige mluzi, ili wifi yako akupigie simu, ili uje na kimkoba chako. Na ile orodha ya maneno alikuwa anaipata yote. Alikuomba uirudie kwa sababu ulikuwa ukiimaliza unaanza kukusanya vitu vyako.

Kisha ukamletea kifaa kisichotoboka.

Najua hapo umeliweka gazeti chini. Mimi pia nilivua miwani. Ukiwa tayari endelea kusoma, maana bado hatujafika Jumapili.

Hukumfanyia ubaya kwa kumpa kifaa kizuri. Mimi mwenyewe nina kimoja kwenye sikio la kushoto, mwaka wa sita sasa, na bila hicho ningekuwa nimeacha kazi hii. Lakini friji naijua. Najua mtu anavyokaa nayo tangu asubuhi, inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena, na hakuna mwingine anayesema. Mzee alipokwambia anasikia friji hakuwa analalamikia kifaa, alikuwa anakusimulia siku yake. Na wewe ukampandishia sauti ya friji. Halafu ukasimama mbele ya watu ukajisifu kwamba hujamgusa baba yako sikio miezi kumi na moja. Mwanangu, hebu isome hiyo sentensi polepole, uone kama ni ya kupigiwa makofi.

Kaka yako na wifi yako usiwaonee. Wifi alikuwa na desturi nzuri, alikuwa anamwendea mzee, anamgusa bega, anasema naye uso kwa uso. Ni nani aliyemwambia aache? Ni nani aliyemwekea mzee televisheni chumbani, akaifuata huko na kuiacha sebule? Wao walimsikiliza mtaalamu, na mtaalamu alikuwa wewe. Walipoambiwa mzee sasa anasikia, wakaamini kazi imekwisha, kama ulivyoamini wewe. Kosa lenu ni la nyumba nzima na mlilifanya kwa nia njema, ndiyo maana hakuna aliyeliona mpaka mashine ikalihesabu.

Kwa hiyo karatasi hutaitoa Jumapili, na wala hutanyamaza. Karatasi si yako. Zile ni saa za baba yako, ni ukimya wake, na ulizifungua bila ruhusa ili umkamate uongo, ukakuta wa kukamatwa ni wewe. Nimeona pia kwamba umenipangia kikao kizima, nani atasema nini na nani ataona aibu mbele ya nani, lakini kiti cha baba hukunitajia. Mnakwenda kumwamulia mtu mzima pa kuishi na kufa kwake naye yuko chumba cha pili anatazama kamba za nguo. Hilo likifanyika, kosa la kumpeleka kwenye hiyo bustani ni lenu nyote.

Usingoje Jumapili. Ukimaliza kuisoma hii, omba ruhusa kazini, na bosi wako akiuliza mwambie kuna mteja hajaridhika. Fungua droo yako, toa kile kifaa cha zamani, kitie betri na mrija mpya, uende. Usipige simu kwanza. Ukifika usianze na masikio yake, msalimie, mshike mkono, ukae mpaka akutazame. Halafu mwambie ukweli wote, kwamba ulimshuku, kwamba ulisoma hesabu zake na ulichokikuta, na kwamba kwa wiki mbili baada ya kukuta hukuja. Hilo la wiki mbili usiliruke, najua ulitaka kuliruka, umeliandika haraka haraka. Mwombe radhi. Karatasi mpe mkononi mwake, aisome, aichane, aifungie vifungo, ni yake. Na kwenye kompyuta yako futa hiyo ruhusa ya kumchungulia. Kuanzia sasa ukitaka kujua baba yako amezungumza dakika ngapi, kaa naye uone.

La mrija usimuulize. Akitaka kukwambia atakwambia, na asipotaka mwachie, kila mtu ana haki ya siri moja ya uzee wake. Wewe mwekee kifaa chake cha zamani karibu na hivyo vipya, hivyo vipya uvishushe sauti hapo hapo kwa mkono wako, achague mwenyewe cha kuvaa. Kisha chagua siku moja ya wiki, mwambie ni siku gani, na siku hiyo uende hata kama hakuna kinachopiga mluzi.

Kaka yako zungumza naye peke yake kabla ya kikao, na anza na makosa yako, siyo yake. Sema, mimi ndiye niliyewaambia msimwendee, nilikosea, mtu wa umri wake hata na kifaa kizuri anahitaji umkaribie na akuone uso. Hapo ataelewa bila kuona karatasi yoyote, na wifi hatavuliwa nguo. Kuhusu akili ya mzee, mtu aliyekaa dirishani akaongea na fundi bomba karibu saa nzima mimi simwoni kama amepotewa. Lakini mimi si daktari, na wewe si daktari, na kaka yako ndiyo kabisa. Kama wasiwasi bado upo, apelekwe kwa daktari, na huyo daktari amtazame anaposema naye, kwa sababu mzee asiyesikia swali huandikiwa kwamba hana jibu. Jumapili baba akae nanyi, kiti chake kiwe mahali anapowaona wote, na mseme mmoja mmoja. Akisema mwenyewe anaitaka hiyo nyumba ya wazee kwa sababu kuna wenzake wa kuongea nao, mpelekeni bila kununa. Inaweza kutokea, jiandae.

Na sitakudanganya. Miezi kumi na moja imekwenda na hairudi. Mtu aliyevua vifaa kwa sababu ya kusikia vibaya huvivaa tena ukivirekebisha, lakini aliyevua kwa kukata tamaa harudi kwa haraka, na wengine hawarudi. Unaweza kukaa mbele yake siku ya kwanza akatazama dirisha tu, na ya pili vivyo hivyo, na moyo ukakuuma kuliko ulivyouma kwenye kile chumba chenu. Kaa tu. Yeye alikungoja kwa sindano mwaka mzima.

Siku akigeuka akakutazama, toa ile orodha ya maneno, msomee yote ishirini na tano, na akisema mrudie, rudieni mpaka chai ipoe. Ile kadi nyeupe ya kufunikia mdomo iache dukani.